Ukurasa wa Themanini na Tatu

Evelina Machibya alipunguzwa kazini kwa orodha aliyoichapa mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Ushirika wa pamba alioufanyia kazi tangu ujana wake ulikuwa umezidiwa na wanunuzi binafsi, waliokuja na malori yao na mizani yao, na ofisi zake zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Meneja alimpa karatasi yenye majina arobaini na moja, akamwagiza achape nakala tatu. Jina lake lilikuwa la kumi na tisa. Alilichapa kama alivyoyachapa mengine. Kisha akaisoma orodha mara mbili, kama masista walivyomfundisha akiwa msichana: mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini, mara ya pili kutoka chini kupanda juu, ili jicho lisiteleze kwa mazoea. Akaipeleka.

Meneja alishindwa kumtazama usoni. "Mama Evelina, hukuona?"

"Niliona, bwana. La kumi na tisa. Nimeliandika sawasawa."

Alirudi nyumbani Igogo, hapo Mwanza, na taipureta ambayo meneja alimwachia kwa aibu, ameibeba kichwani kama debe la maji. Akapita relini, akapita kwa wanawake waliokuwa wakikaanga mapanki, mifupa ya sangara, kando ya njia, na kila aliyemwona alijua kilichotokea bila kuambiwa.

Watu wa Igogo wanaipenda sana hadithi hiyo ya orodha. Wanaisimulia kuonyesha jinsi mama huyo alivyokuwa makini. Lakini mwenyewe hakuisimulia. Hadithi aliyoipenda yeye ilikuwa ya ukurasa mmoja alioufuta, na hiyo alimpa kila mtu aliyepanda ngazi kwenda kumsaidia kazi, kabla hajamruhusu kuigusa kompyuta.

*

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa Misungwi, mwenye watoto wawili wakubwa walioishi mbali. Baada ya kupunguzwa alipata kibaraza mbele ya duka la karatasi la Bwana Rasik, Mtaa wa Rufiji, akaweka meza na taipureta yake, akawa anawachapia watu barua za maombi ya kazi. Waombaji walikuwa wengi kuliko kazi. Asubuhi ilipita vizuri. Mchana ndio ulikuwa mrefu. Alikaa akisoma kwa macho mabango ya upande wa pili wa barabara, akiyasahihisha moyoni.

"Mama," Bwana Rasik alimwambia siku moja, "wewe unayakagua mabango ya watu kama polisi. Huko juu kuna kazi ya macho kama yako. Mshahara wake ni chai."

Huko juu kulikuwa na chumba kimoja, ngazi kumi na saba kutoka chini. Bwana Rasik alikitoa bure kwa kumbukumbu ya mama yake, Sushila, aliyepofuka uzeeni na kufariki akiwa na vitabu vyake vya sala mapajani, asiweze kuvisoma. Ndani alikaa Mwalimu Malimi, mwalimu mstaafu, kipofu tangu utoto, mwenye shati lililopigwa pasi na ndevu chache nyeupe. Mbele yake palikuwa na kompyuta, na kando yake mashine mbili alizozipata kwa msaada wa kanisa moja la ng'ambo.

Mashine ya kwanza iliitwa skana. Ulilaza kitabu juu ya kioo chake, ukafunika, mwanga ukapita chini kama mtu apitaye na kurunzi nyuma ya pazia, na ukurasa ukatokea kwenye kompyuta. Lakini ulitokea umejaa makosa. Mashine iliona doa la chai ikadhani ni nukta. Iliona herufi mbili zilizokaribiana ikazifanya moja. Kwa hiyo ilihitajika mtu wa kukaa na kitabu mkononi, kulinganisha mstari kwa mstari na kurekebisha. Akimaliza, mashine ya pili ilitoboa maneno yale kwenye karatasi ngumu kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona, kwa kelele kama za kinu cha kusagia mahindi. Kitabu chembamba cha shule kilitoka kikiwa mabuku matatu mazito.

"Sheria ni moja tu hapa," Mwalimu Malimi alimwambia siku ya kwanza. "Kilichomo ndicho kitoke. Kinachokupendeza kitoke, kisichokupendeza nacho kitoke. Wewe si mwandishi, wala si mzazi wa msomaji. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Waliojitolea walikuwa wakija na kuondoka. Walimu walikuja wakati wa likizo, wanakwaya walikuja wakati wa Kwaresima. Evelina alikuja akabaki. Kila alasiri alifunika taipureta yake kwa kitambaa, akapanda. Kwa mwaka mmoja na nusu alisahihisha vitabu kumi na kimoja. Alisema kwamba alipokuwa akipanda ngazi zile magoti yalimuuma, na kwamba alishukuru kwa maumivu hayo, kwa sababu mtu asiyetakiwa mahali popote hapandi ngazi.

Kitabu cha kwanza kabisa kilikuwa cha kilimo cha mihogo, na kilikwenda Misungwi kwa mzee mmoja aitwaye Shimba, aliyejifunza nukta nundu zamani akakosa cha kusoma kwa miaka mingi. Mkwewe aliyekuja mjini alileta habari kwamba mzee analala na kitabu kifuani. "Anakisoma mpaka sasa?" Evelina aliuliza. "Anakisoma mara ya nne. Mihogo yenyewe halimi." Evelina alicheka, kisha akaenda dirishani akafuta miwani yake, ingawa haikuwa chafu.

*

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa sita, alikuja Kija.

Kija alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Surua ilimpofusha akiwa na saba. Aliishi Pasiansi, akifuma masweta ya shule kwa mkono, na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alitaka kwenda chuo cha ualimu. Alikuwa ameshafanya mtihani mwaka uliotangulia, akaanguka somo la Kiswahili, na sababu yake aliieleza pale pale chumbani huku akijipepea kwa kanga.

"Riwaya nilisomewa na Queen, binti wa baba mdogo. Msomaji mzuri, ila mvivu. Akichoka anasema, 'Basi dada, hapo wakaoana.' Nauliza, nani na nani? Anasema, 'Si hao hao.' Kumbe ameruka sura nzima. Nikaingia kwenye mtihani na kitabu chenye mashimo kama chandarua cha mwaka juzi."

Mwalimu Malimi alicheka mpaka akakohoa. Kija hakucheka.

"Mwaka huu nataka kitabu kizima, mama," alimwambia Evelina. "Kizuri, kibaya, nikisome mwenyewe kwa vidole vyangu. Nikianguka, nianguke mwenyewe."

Evelina alimwahidi. Alimshika mkono akamwahidi.

Riwaya yenyewe ilikuwa na jalada jekundu, habari za mji mmoja wa biashara na watu wake. Evelina aliifanya kwa mapenzi. Akajua ni sura gani itamchekesha Kija na ni ipi itamfanya aweke kitabu chini afikiri. Mwezi wa nane alifika ukurasa wa themanini na tatu.

Hapo palikuwa na Nyanjige, mwanamke kipofu auzaye tumbaku sokoni. Vijana wanamwibia tumbaku yake na kumwekea chura kapuni. Mteja anatia mkono, anapiga kelele, soko zima linaangua kicheko. Kisha vijana wanamzunguka na kumwimbia wimbo wa kumkejeli macho yake, beti tatu, na Nyanjige anakwenda nyumbani akijigonga kwenye meza za watu.

Evelina aliacha kusoma. Chini barabarani alisikia miluzi, maana vijana wa mtaani walikuwa na tabia ya kumpigia Kija miluzi kutoka pande mbili ili achanganyikiwe njia. Alikumbuka jinsi Kija alivyokuwa akiingia mlangoni baada ya miluzi hiyo, mdomo umekazwa, akisema tu, "Ngazi kumi na saba, zote zipo." Akamfikiria akiwa peke yake Pasiansi, kidole kikipita juu ya wimbo ule, nukta kwa nukta.

Akaufuta.

Kufuta kulikuwa rahisi mno. Kwenye taipureta kosa huacha kovu. Hata ukipaka dawa nyeupe, karatasi inajua. Kwenye kompyuta maneno yaliondoka kama yaliyokuwa hayajazaliwa. Ukurasa mmoja na nusu. Kwa umakini wake uleule akazisogeza namba za kurasa ili pengo lisisikike, akafunga jeraha bila mshono. Wala dhamiri haikumsumbua. Alijiona kama mama atoaye miba kwenye samaki wa mtoto. Mwezi wa tisa Kija alichukua mabuku yake matatu, akayakumbatia, na akashuka ngazi akiimba.

*

Mvua za mwaka ule zilianza mwezi wa kumi na hazikujua kukoma. Ziwa lilipanda likaleta magugu maji mpaka karibu na barabara. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja nguzo za umeme zilianguka, na mji ukabaki bila umeme. Jumatatu iliyofuata, mchana, Evelina na Mwalimu Malimi walikuwa wamekaa tu chumbani, mashine zimelala, waliposikia fimbo ya Kija kwenye ngazi. Haikuhesabu. Ilipanda haraka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kija. Umelowa?"

"Nimelowa."

Evelina alisubiri salamu yake. Kija alijua yupo, maana kiti chake kililia, na Kija alikifahamu kilio cha kiti kile. Hakumsalimu. Akatoa katika mfuko wake wa begani buku la pili, akaliweka mezani.

"Mtihani wa Kiswahili ni Alhamisi," alisema. "Jumamosi kundi letu la Pasiansi tulikuwa na marudio. Mwalimu wa kundi akauliza, Nyanjige alifanyiwa nini sokoni? Watu wakaanza kucheka kabla hata ya jibu. Hata yule mzee askari magereza anayelala darasani, alicheka usingizini. Chura, chura! Mimi nimekaa kama Jiwe la Bismarck kule ziwani. Chura gani? Mmoja akaniambia, 'Dada Kija, vipi, vitabu vya kwenu vimepunguzwa ukali kama uji wa mtoto?' Wakacheka tena. Safari hiyo walinicheka mimi."

Mwalimu Malimi aligeuza uso upande wa kompyuta, ingawa haikuwa na sauti.

"Nilihisi, unajua," Kija aliendelea. "Mimi mfumaji. Kitanzi kikidondoka, kidole kinajua. Nyanjige anakwenda sokoni ana furaha, mstari unaofuata yuko nyumbani analia na kapu tupu. Nikasema huyu mwandishi hajui kazi. Nimemtukana mtu wa watu bure."

Hapo Evelina alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini ya uchapaji.

"Labda mashine," alisema. "Mashine hii huwa inaruka."

Mvua ikapiga bati la jirani.

"Inaruka?" Mwalimu Malimi aliuliza polepole. Hakuwa na sababu ya kutomwamini. Katika chumba kile neno la Evelina lilikuwa kama rula. "Kama imeruka kitabu kimoja, imeruka vyote. Basi ni msiba." Akaanza kuhesabu vitabu kwa vidole. "Kile cha jiografia. Kile cha uzazi salama. Kile cha nyimbo. Kile cha mihogo cha mzee Shimba. Vyote virudi. Niletee karatasi, mama, uchape barua leo hii, kwa wasomaji wote: vitabu vyetu visiaminiwe, virudishwe vikaguliwe."

Evelina alitia karatasi kwenye taipureta ambayo walikuwa wameipandisha juu kwa ajili ya mvua. Akaandika tarehe. Akaandika, "Kwa mzee Shimba, Misungwi." Akamwona mzee yule akiondolewa kitabu kifuani.

Vidole vikakataa.

"Mwalimu," alisema. "Tusiandike. Mashine haina kosa. Ukurasa ule niliufuta mimi."

Kisha Evelina akaeleza yote: miluzi, wimbo, beti tatu, namba alizozisogeza. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, akiwamo mwenyewe.

"Nilikuonea huruma, mwanangu," alimalizia.

"Najua," Kija alisema. "Ndiyo maana nimekuja na fimbo moja tu." Aliikaza mkononi. "Queen aliruka kwa uvivu. Nikamsamehe, mvivu ni mvivu. Wewe uliruka umekaa wima na miwani yako, baada ya kunishika mkono. Mama, wale vijana wananizomea kila siku pale stendi. Ulidhani nitawasikia kwa mara ya kwanza kitabuni? Kitabuni ndipo mahali pekee ambapo ningewasikia nimekaa, nina chai yangu, na nikichoka nao nafunga."

"Nilitaka kukutolea miba."

"Nina meno. Samaki wangu nitamtoa miba mwenyewe."

Mwalimu Malimi aligonga meza kwa kidole, mara moja, kama zamani darasani. "Mama Evelina. Kilichomo?"

Mwanamke wa miaka hamsini na sita akajibu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ndicho kitoke."

"Basi kitoke. Lakini umeme hakuna, na mafundi wanasema wiki ijayo."

"Umeme wa nini?" Kija alipekua mfuko wake akatoa kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo vidogo, na kisumari chenye kishikio cha mti. "Watu waliandika kabla ya umeme. Kitabu kiko wapi? Yeye ana macho, mimi nina mkono. Asome."

*

Walikaa dirishani penye mwanga. Evelina alisoma, Kija akatoboa. Anayeandika kwa kibao huanza kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, ili karatasi ikigeuzwa nukta ziinuke upande wa pili na zisomeke sawasawa. Ni kazi ya nukta moja moja. Evelina alisoma maneno matatu, akasubiri. Maneno manne, akasubiri. Hakuwahi kusoma polepole namna ile. Tumbaku ilitoka kapuni. Chura akaingia. Mteja akapiga kelele.

Alipofika kwenye wimbo, alisoma mstari wa kwanza, akapita wa pili, akaenda wa tatu.

"Rudi," Kija alisema bila kuinua kichwa. "Umemeza mstari. Vina vimegoma."

Evelina alirudi. Akamsomea uso kwa uso maneno yale yote juu ya macho yale, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kisumari kikayatoboa yote, tik, tik, tik, bila kuharakisha wala kukawia. Machozi yalimdondoka Evelina juu ya jalada jekundu. Kisha akasikia kitu asichokitegemea. Kija alikuwa anacheka.

"Mwandishi huyu hajawahi kushika chura," alisema. "Chura hatulii kapuni. Angekuwa ameruka kabla mteja hajainama. Mimi shuleni waliniwekea kinyonga, ndani ya mfuko wa sare. Kinyonga anatulia. Wale watoto walijua kazi."

"Yesu wangu! Ukafanyaje?"

"Nikamfuga siku tatu. Nikawa natembea naye mabwenini. Nani alinisogelea? Hata matroni alinisalimia kwa mbali."

Evelina alicheka. Alicheka na machozi yakiwa bado shavuni, na Mwalimu Malimi akacheka, na Bwana Rasik, aliyekuwa anapanda na birika la chai ya iliki na sahani ya kachori, akasimama mlangoni.

"Mnacheka nini na mji hauna umeme?"

"Tunasoma, bwana," alisema Mwalimu Malimi. "Karibu. Tuko kwenye chura."

Walipomaliza ilikuwa saa kumi na moja. Kija aligeuza karatasi zake nne, akazisoma kwa kidole kwa sauti, na Evelina akafuata kwenye kitabu kwa jicho. Katika karatasi ya tatu Evelina alimsimamisha: palikosekana neno. Katika ya nne Kija alijisimamisha mwenyewe, akasema sentensi haikai, na Evelina alipotazama akakuta ni yeye aliyesoma vibaya. Kidole kilikuwa kimeona kosa la jicho. Mwalimu Malimi alisema, "Hivi kwa nini hatukufanya hivi tangu mwanzo?"

Kija alitoa sindano na uzi mwekundu wa sufu, akazishonea zile karatasi mahali pake katika buku la pili, kwa mishono ya nguvu ya mtu anayeshona mikono ya sweta. Akavaa kanga yake kichwani. Alifika mlangoni, akasimama.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa salamu ya kuingilia, imesemwa wakati wa kutoka. Evelina aliipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

*

Swali la chura halikuja. Siku ile ya Alhamisi mtihani uliuliza habari za dhuluma katika riwaya, mtahiniwa achague mhusika amtakaye. Kija alimchagua Nyanjige.

"Nikaeleza yote," alisema alipopita Jumatatu. "Na mwisho nikaongeza kwamba mwandishi ameeleza dhuluma vizuri lakini chura hakumfanyia utafiti."

"Kija! Kwenye mtihani wa taifa?"

"Kwa adabu, mama. Nilianza na 'hata hivyo'."

Matokeo yalipotoka alikuwa amepata B, na mwaka huohuo akaenda chuo cha ualimu. Vitabu vingine kumi na kimoja Evelina alivisoma upya vyote, ingawa hakuna aliyemwagiza. Cha mzee Shimba alikwenda kukisomea hukohuko Misungwi, yeye na kitabu cha chapa, mzee na nukta zake, kwenye mkeka, siku mbili, ili kisitoke kifuani pake. Hawakukuta kosa lililokuwa na maana. Mzee alimwambia wabeja, asante, mara nyingi mpaka ikawa kama wimbo, na Evelina alikuwa akijibu ni yeye wa kushukuru, na hakuwa anasema kwa desturi tu.

Tangu mwezi ule hakuna kitabu kilichotoka chumba kile kikiwa kimepita kwa mtu mmoja. Ilikuwa lazima wakae wawili, mwenye jicho na mwenye kidole, mmoja asome na mwingine afuate, kisha wabadilishane. Wenye jicho wapya walishangaa. Ndipo Evelina alipowasimulia ukurasa wa themanini na tatu, bila kuruka kitu, hata pale alipoisingizia mashine. "Niliachishwa kazi moja bila kukosea," alikuwa akisema, "na hii nikafundishwa kwa kukosea. Namshukuru aliyenifundisha. Hakunifukuza, alinipa kitabu akasema nisome."

Kabla ya kwenda chuoni Kija alimletea zawadi: sweta jekundu la rangi ya lile jalada. Mwanza si mji wa sweta, lakini Evelina alilivaa palepale, jasho likimtoka.

"Lina kosa moja," Kija alisema. "Nimeliweka makusudi. Wewe ndiye mkaguzi, litafute."

Alilitafuta kwa miwani dirishani. Alilitafuta toka juu kwenda chini, kisha toka chini kupanda juu. Kija alipokuja likizo aliulizwa, akakataa kusema. Baadaye Evelina akaanza kulitafuta kwa njia nyingine, kanisani, wakati wa mahubiri marefu, macho yamefumbwa, kidole kikitembea kitanzi kwa kitanzi kwenye mkono wa kushoto, mabegani, pindoni. Waumini walidhani anasali.

"Huenda halipo," alimwambia Kija siku moja. "Huenda unanitania."

"Huenda," Kija alisema. "Endelea kutafuta, mama."